Maganda ya Mbaazi Juu ya Gari

Migwani, Jumanne

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Kathonzweni? Sisi tumefika, lakini bado nimechanganyikiwa. Baiskeli tulizifunga juu ya gari la Mjomba vile ulituambia, na magunia ya maganda ya mbaazi chini yake, zisikwaruze rangi. Kitui mjini tukaingia hotelini kula muthokoi. Kutoka nje, tukakuta mbuzi watatu juu ya gari wanakula maganda! Rangi imejaa alama za kwato. Mjomba akamfokea mwenye mbuzi. Yule mama akamjibu, "Umewawekea chakula juu, ulitaka wapande na ngazi?" Mjomba ndiye akaishia kuomba msamaha, na sielewi kwa nini. Sasa ananiuliza maganda yalikuwa wazo la nani. Nimemwambia nimesahau.

Mungu akulinde, Mama. Mimi pia ninakulinda.

Mwanao,
Mutua