Sahihi ya Jirani wa Mpakani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tangu Januari sijaandika neno humu, na sina udhuru wa heshima. Sikutaka kuona kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba kaunti ilininyima leseni ya kutengeneza mboji. Haya, nimeona.

Walisema lundo langu linanuka. Mabaki ya chakula yanayotoka hotelini, yakiletwa shambani, lazima yachanganywe na kufunikwa kwa kitu kikavu. Jirani yangu Jeconia huchanganya maranda ya mbao kutoka Timboroa. Mwaka jana aliniletea magunia mawili. Nikakataa. Tangu lini maranda yakalisha mahindi?

Sasa naye ameomba leseni. Ana miaka sita tu hapa. Mimi nilizaliwa hapa.

Alhamisi, 6 Machi

Jeconia amekuja na fomu. Jirani wa mpakani anatakiwa kutia sahihi kwamba lundo la mwombaji halina harufu. Jirani huyo ni mimi; kwingine kote amepakana na barabara.

Akasema, "Mwalimu, hii usiirudishe na wino mwekundu." Jepchumba akacheka hadi akaweka kikombe chini. Mke wangu — sikumbuki lini nilimchekesha hivyo.

Nikamwambia aniachie niisome kwa makini. Ni ukurasa mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mbili nimesimama kwenye ua wa mpaka, nikinusa. Hakuna kitu. Harufu ya udongo wa mvua tu. Leo nimepenyeza pua kabisa kati ya matawi. Akumu, mkewe Jeconia, akaniona, akauliza kama nimepotelewa na kuku. Nikasema ndiyo. Akaanza kunisaidia kumtafuta.

Mchana: ugali na kabeji ya Jeconia. Jepchumba hakuficha ilikotoka. "Baba Kiplimo, kula. Kabeji haijakukosea."

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatatu, 10 Machi

Madam Nangila, afisa wa kaunti, anakuja saa nane kukagua kwa Jeconia. Fomu iko mezani, haina sahihi.

Upepo umegeuka. Unapita juu ya lundo langu, ambalo sijalifunika kama nilivyoagizwa, kisha unakwenda moja kwa moja kwa Jeconia. Madam atasimama kando ya lundo la Jeconia, na atanusa langu. Sina haja ya kusema uongo. Kunyamaza kunatosha.

Jepchumba amepita na beleshi. Kumbe yale magunia ya maranda aliyapokea yeye; yako nyuma ya ghala tangu mwaka jana. Anasema yanatosha kufunika lundo lote, mtu akianza sasa. Ameegemeza beleshi mlangoni, akaenda kukamua ng'ombe — saa saba mchana. Hakuna anayekamua ng'ombe saa saba.

Saa saba na robo. Harufu inafika hadi hapa mezani. Miezi yote hii sikuwa nikiisikia.

Nitaandika nikishaamua. Mikono yangu itakuwa ama safi, ama imejaa maranda.