Kengele ya Kwenye Kona

Kaka,

Huku sote wazima. Tangu lami mpya ipite bondeni, barabara ya zamani ya mlimani imebaki yetu. Magari hayaji, zinasikika cheni za baiskeli zetu tu. Mimi hutangulia, nikipiga kengele mara moja kona ikikata kushoto, mara mbili ikikata kulia. Baba hunifuata akinung'unika, "Kanyaga, binti, unanichelewesha."

Amenikataza kukuambia, lakini utajua tu: macho yake yamekwisha, anaona mwanga basi. Hajaanguka hata mara moja, na baiskeli simnyang'anyi, hata ukinigombeza.

Ukija, usisimame mlangoni ukitabasamu kimya kama ulivyozoea. Mwite, ajue ni wewe.

Mdogo wako,
mpiga kengele