Seva Iliyokungoja

Dada Zuhura,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari, maana haya siwezi kuyapitisha kwenye mashine. Ni mimi Salome, uliyenitoa kwenye taipureta ukanikalisha mbele ya kompyuta.

Tulipotoka kukuzika, kaka yako Hamisi alifunga chumba chako cha uani akaweka ufunguo mfukoni. Duka alilifungua wiki iliyofuata: mbele vitenge na sabuni kama zamani, dirishani meza yetu ya barua pepe. Nikakaa kwenye kiti chako, ukingoni tu, kama mgeni.

Tangu siku ile barua zilikuwa nzito. Mteja akitaka kufungua sanduku lake, kioo cha kompyuta kinabaki cheupe, tunakitazama wote wawili. Upepo unaingia na vumbi lake, unaliona likitua mezani punje kwa punje. Halafu, ukishasahau ulikuwa unangoja nini, barua inafunguka.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Nilifuta barua kuukuu, diski ikapata nafasi. Nikasafisha foleni ya zilizokwama. Nikaagiza memori ya kuongeza kutoka Dodoma, Hamisi akaipokea kwenye basi. Watu wa simu wakasema laini ni nzima. Na seva yenyewe, ile mashine inayopokea na kugawa barua zote, kila nilipoichungulia, haikuwa imeelemewa. Ilikuwa imetulia kama mtu aliyekaa barazani akitazama njia.

Mama Neema alikuja kutoka Mgori, yule ambaye binti yake anasoma uuguzi India. Alikuwa amesikia kwamba binti anaumwa. Alikaa tangu asubuhi. Siku ile ilikuwa ya gulio, watu wengi, kila mmoja na dakika zake za kusubiri, na zamu yake ilipofika gari la kurudi Mgori lilikuwa linapiga honi. Akaondoka bila kusoma. Hakunigombeza. Alisema tu, "Zuhura angekuwepo, ningeshasoma."

Jioni Hamisi akaniambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi angeifunga meza yetu. Alisema kazi ile ilikuwa yako, huenda imekwenda na wewe. Nilirudi kwetu Unyambwa kwa miguu. Nakumbuka weupe wa chumvi ukingoni mwa ziwa, na mawe makubwa yakiwa na rangi ya asali. Sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Siku zile nilikuwa nakuota. Uko kwenye swichibodi, kama enzi zako za simu kabla hawajawapunguza kazini, umeshika waya, taa zinawaka mbele yako, watu wanaita, nawe hushughuliki. Uso wako umetulia sana. Nakuita, sauti haitoki.

Ndoto haikunipa jibu, dada. Ilinirudishia tu maneno yako ya kazi: "Salome, laini ikiwa kimya usianze na waya. Uliza kwanza, nani anangojwa?"

Basi nikatoa saa ya ukutani, nikaiweka mezani, nikapima barua moja moja. Ndefu na fupi. Asubuhi dukani hakuna mtu, na saa sita watu wamejaa. Zote zilichelewa sawasawa. Mashine iliyoelemewa haichelewi hivyo. Hii ilikuwa inangoja kitu, inakata tamaa, ndipo inaendelea.

Nikafungua faili lako la mipangilio, nikasoma mstari kwa mstari. Karibu na mwisho nikaukuta. Ulikuwa umeiagiza seva kwamba kila mashine inayokuja kwake, iulize kwanza jina lake. Na ilikuwa inaenda kuuliza kwenye kompyuta yako kuukuu yenye orodha ya majina, ile ya chumbani, kwa waya uliopita chini ya mlango wa uani. Ile tuliyoizima tukaisukuma kando asubuhi ya msiba ili wanawake wapate pa kukaa.

Kila barua, Dada Zuhura. Salamu ya kila mtu ilikuwa inakuja kubisha kwako kwanza.

Nilimweleza Hamisi, tukaingia pamoja. Khanga yako iko kwenye msumari, harufu ya udi haijaisha. Nikaiwasha mashine, ikaunguruma. Nikakimbia dukani: masanduku yanafunguka papo hapo. Niliporudi, Hamisi alikuwa amekaa kitandani kwako. Akasema, "Iache iwake."

Nikaiacha. Nilijua si kazi nzuri, duka zima kutegemea mashine iliyochoka. Lakini kila asubuhi nilipita chumbani kuweka kiganja juu yake, na ilikuwa ya moto. Siku tisa niliishi hivyo, nusu kazini, nusu mahali nisipopajua jina.

Siku ya kumi umeme ulikatika. Uliporudi, seva iliamka. Yako haikuamka. Kioo kikawa cheupe, na Mama Neema, aliyerudi siku ile kutoka Mgori, yuko kwenye benchi. Nikamwendea Hamisi kwenye vitenge. Nikasema, "Kaka, Zuhura hawezi kuendelea kujibu."

Alitazama mlango wa uani. Kisha akasema, "Basi jibu wewe."

Nikaufuta mstari wako. Nikaandika orodha ya majina ndani ya seva yenyewe, isimuulize mtu mwingine. Barua ya Mama Neema ikafunguka kabla hajakaa vizuri: binti alikuwa na malaria, amepona, anakula. Akaniomba nimsomee tena. Nikamsomea. Meza haikufungwa.

Lakini nina neno nawe. Hukuniambia kuhusu mstari ule, kama ambavyo hukuniambia kuhusu kifua. Ulikohoa mbele yangu mwaka mzima ukasema ni vumbi. Ningekusindikiza hospitali. Ningekaa nawe kwenye lile benchi lao. Nilikukasirikia sana, dada, hata nikachoka kukasirika. Leo nimebaki na kukukumbuka tu.

Pumzika kwa amani. Nimeanza daftari, naandika kila waya unakokwenda na kila mashine inamtegemea nani, ili atakayekaa kwenye kiti hiki baada yangu asipapase gizani. Nalo hili nakuahidi: siku nikiumwa, nitasema.

Mdogo wako,
Salome