Kanga Iliyobaki Mkekani

S.L.P. 41,
Kondoa.
19 Juni 1994

Mpendwa Kaka Swalihu,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na duka lako la mitumba huko Kariakoo linakwenda vizuri. Huku tu wazima, mtama umeiva. Nimetanguliza adabu, maana yanayofuata hayana adabu.

Ujumbe wako umefika, kwamba nimekuaibisha siku ya posa ya mdogo wetu Shamila. Mimi?

Ulipokuja Idi ulimwachia Shangazi agizo: wageni kutoka Busi wasimwone mwanangu Khairat, wasije wakadhani ukoo wetu una kasoro. Basi siku ya posa, nikiwa jikoni na pilau, Shangazi akamfungia stoo, akamfunga na mikono kwa kanga kuukuu. Mikono ile, Kaka! Mtoto alikuwa anashika kijiko, ananiita mama, kisha vyote vikamtoka. Sasa viganja vinajisugua kutwa kama anafua. Daktari wa Dodoma alituambia nawe ukiwepo: ni ugonjwa wa ubongo, wa nadra, amezaliwa nao, mikono haimtii, msimfunge. Uliitikia kwa kichwa. Mnafiki mkubwa.

Wageni walileta kanga kwa kila mwanamke wa nyumba, hadi watoto wa kike. Zikagawiwa, ikabaki moja mkekani. Mama wa bwana harusi akauliza, "Hii ya Khairat. Mwenyewe yuko wapi?" Kumbe walimjua siku zote! Shangazi akajibu bila haya, "Kaenda Babati kwa bibi yake." Hapo hapo Khairat akalia kule stoo.

Nilikwenda nikamfungua, nikamleta mbele ya wote, vifundo vya mikono vimevimba, nikamtanda kanga yake mpya. Mama yule akampakata mpaka pilau ikapoa. Posa ikapokelewa. Sasa niambie aibu ni ya nani.

Harusi ni baada ya mavuno, na walii ni wewe. Khairat atakaa mbele, mikono wazi. Kama huwezi kuitazama, teua wakili amwozeshe Shamila kwa niaba yako, ubaki na mitumba yako.

Wasalimie wifi na mwanao Jamaldini. Mungu akulinde, akulainishe na moyo.

Khairat hasemi, ila nikitaja jina lako anageuka kutazama mlango. Anadhani umekuja kumbeba mabegani kama zamani.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Mwanamvua