Koti la Thembo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama amekataa uji. Nimemgeuza ubavu wa kushoto, kidonda cha mgongoni kinaanza kukauka. Mashuka mawili nimefua kabla ya mvua.

Saa sita mwenyekiti wa kijiji amepita. Hakukaa. Amesema wiki hizi wanajeshi watakagua nyumba zote za upande wetu wa Bwera, kwa sababu ya mambo ya mpakani. Raia asikutwe na kitu cha jeshi. Hata mkanda. Hata buti kuukuu.

"Mwalimu, ile sanduku ya mzee," akasema. "Choma."

Hapa kila mtu anaijua sanduku ya baba. Kila Pasaka alikuwa akianika koti lake la vita vya Burma kwenye kamba, jioni analikunja na kulirudisha. Hakuwahi kulivaa. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Nilidhani ni heshima.

Mama alikuwa anasikia kutoka kitandani. "Haitatoka mu hii nyumba," amesema. "Mimi nikiwa muzima, hapana."

Jumanne, 4 Machi

Nimevunja kufuli, ilikuwa imekufa kwa kutu. Koti kubwa la sufu. Kofia ya ukingo mpana. Nishani tatu. Bakuli la bati. Kitabu kidogo cha askari, kimefungwa kwa uzi. Chini kabisa, singe ya bunduki. Bado kali.

Hiyo singe sikuijua. Baba amekufa miaka kumi na minane iliyopita, na miaka yote hiyo nimelala ukuta mmoja nayo.

Nina miaka sitini na mbili. Nimefundisha maisha yangu yote bila kuitwa polisi hata siku moja. Leo naogopa sanduku. Namchukia baba kidogo. Naandika hapa ili nisiseme.

Alhamisi, 6 Machi

Kasese. Biira wa jirani amekubali kukaa na mama mpaka saa tisa, si zaidi, ana shamba lake.

Nilienda kwenye ofisi moja ya mambo ya utamaduni. Kijana wa mezani alitaka nishani tu, za kuweka kwenye kabati la kioo. Koti hapana, litaleta nondo. Singe hata nisiitaje. Nishani nazo nilete na barua ya jeshi.

Nikaenda hadi karibu na lango la kambi ya jeshi. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama dakika kumi. Nikaona nitakavyoanza kueleza, na nitakavyoulizwa kwa nini sikusema miaka yote. Nikageuka.

Nimefika nyumbani saa tisa na nusu. Biira amekasirika. Mama alikuwa amelowa.

Ijumaa, 7 Machi

Padri amenisikiliza vizuri. Halafu amesema kanisa haliwezi kutunza silaha, na mimi namwelewa. Wanasema huko Nyakiyumbu mtu amechukuliwa kwa sababu ya koti la mvua la kijeshi. Sijui kama ni kweli. Siwezi kuitunza hii sanduku, siwezi kuitoa, siwezi kuitupa. Siwezi hata kukimbia, nitamwacha mama na nani?

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya kitu kibaya.

Mchana mama alilala. Nikabeba koti hadi jikoni nikaliweka kwenye moto. Sufu haiwaki. Inaungua polepole na kunuka kama nywele. Nikatafuta karatasi za kuchochea, nikachukua kile kitabu cha askari, nikakata uzi. Sijui kwa nini nilisoma kabla ya kuchana. Mazoea ya mwalimu.

Jina si la baba. Baba yangu alikuwa Mluhya wa Bungoma. Kitabu kimeandikwa Yokasi Thembo, wa Munkunyu.

Nikasikia kishindo. Mama alikuwa amesikia harufu, akajaribu kushuka kitandani. Nilimkuta sakafuni, analia bila sauti. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nilikaa naye chini hapohapo, nikamwuliza Thembo ni nani.

Amenieleza. Naandika kama alivyosema. Thembo alikuwa rafiki ya baba huko vitani, wakilala hema moja. Akafa kwa homa. Kabla ya kufa alimpa baba koti na kitabu, avipeleke kwa mama yake. Ndiyo maana baba, ingawa amechelewa miaka mingi, alikuja Kasese. Siku zote nilijua alikuja kwa ajili ya kazi ya mgodi. Kumbe mgodi alikuta tu.

Alienda Munkunyu siku ya mvua, na kwa sababu ya mvua akavaa koti. Mama ya Thembo akaliona kutoka mbali. Akaacha jembe, akakimbia barabarani akiita jina la mtoto wake.

"Baba yako akashindwa," mama amesema. "Akageuka, akakimbia. Hakurudia tena. Akaniambia mimi moja, nisiseme kwa mutu."

Pindo la koti limeungua, upana wa kiganja. Nimelizima kwa maji. Ninaona aibu ambayo sina pa kuiweka.

Jumatatu, 10 Machi

Mama amesema nipeleke koti kwao. Amesema mwenyewe, bila kuombwa.

Lakini kwenda Munkunyu ni kupita kizuizi cha wanajeshi. Koti la jeshi mkononi, singe ndani. Nitasema nini?

Jumatano, 12 Machi

Wanajeshi wamekuja saa tatu asubuhi. Wanne, na afande wao, kijana tu, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nimeweka kila kitu juu ya meza, singe mbele, kabla hawajauliza.

"Ya nani hii?"

"Ya watu wawili waliokufa, afande. Mmoja ni baba yangu. Ile ya mwingine nataka kurudisha kwao."

Nikamweleza yote. Sikuruka hata pale baba alipokimbia. Amesoma kitabu ukurasa kwa ukurasa. Mmoja wa askari akacheka, afande akamwambia, "Funga mdomo."

Singe wamechukua. Nishani na kofia afande amesukuma kwangu. Koti amelishika muda mrefu, amegusa palipoungua.

"Hii si yetu," amesema. "Nakupa siku tatu. Nikirudi, isikuwe hapa."

Ameandika kikaratasi cha kuonyesha kizuizini.

Ijumaa, 14 Machi

Jana mama alikuwa na homa, sikuweza kutoka. Siku moja imepotea. Leo homa imeshuka. Biira amesema kesho atakaa mpaka nirudi, saa yoyote. Sikumwomba. Nadhani aliona uso wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Kizuizini walisoma kikaratasi, wakaangalia koti, wakaniacha. Nilipofika Kisinga nikapanda pikipiki ya boda. Munkunyu ukitaja Thembo wanakuuliza Thembo yupi. Nikasema yule aliyekwenda vitani asirudi. Mama mmoja muuza nyanya akanionyesha njia.

Yuko dada yake mdogo, Kabugho, anakaribia miaka tisini. Macho karibu hayaoni. Alizungumza Lukonzo, hapa naandika kwa Kiswahili changu. Nilimwekea kitabu mkononi na koti mapajani. Akalipapasa mabega, mikono, vifungo. Muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nimejiandaa kukisikia.

Chifu aliwaambia Thembo amekufa, lakini hawakuletewa chochote. Mama yao hakuamini. Miaka zaidi ya kumi baadaye akarudi kutoka shambani akisema amemwona barabarani, kwenye mvua, amevaa koti lile aliloondoka nalo, na amemgeuzia mgongo. Alisema hivyo kila siku. Wakasema ameharibika kichwa. Wakaacha kumpa watoto wachanga ashike. Wakamfungia ndani siku za mvua ili asikimbilie barabarani.

"Mimi ndiye nilikuwa nikifunga mlango," Kabugho amesema.

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka. Nikasema, "Yule mtu alikuwa baba yangu."

Mikono yake ikasimama juu ya koti. Nilingoja anifukuze, na ningekwenda.

"Kumbe aliona," akasema mwishowe. Akarudia kwa watu wa ndani ya nyumba, kwa sauti. "Mama aliona."

Ameniomba nirudi Jumamosi ijayo. Anataka mama yake aambiwe, kaburini, na mtoto wa mtu yule.

Jumatatu, 17 Machi

Afande alipita barabarani na gari lake. Hakusimama. Mama nimemwambia kila kitu, hata habari ya mlango. Amegeukia ukuta.

Jumamosi, 22 Machi

Munkunyu tena. Biira yuko na mama.

Kaburi liko kando ya migomba, halina jina. Walikuwa kama kumi hivi, wakubwa kwa wadogo. Kabugho alishikwa mkono. Koti lilikuwa begani mwa mjukuu wake mmoja. Nilisema kwa Lukonzo kibovu, nikisaidiwa maneno: uliyemwona hakuwa mwanao, lakini koti lilikuwa lake, na hukukosea.

Hakuna aliyelia. Mmoja akang'oa majani yaliyokuwa yameota pale juu.

Tuliporudi uani Kabugho aliniuliza kaka yake aliuawa na nini. Nikasema homa. Akasema tangu utoto homa ilikuwa inampenda, na kunywa dawa ilikuwa lazima ashikwe na watu wawili. Akatabasamu kidogo. Wakaleta mihogo, tukala.