Kiti cha Mzazi

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila mimi situlii. Shule ya msingi na ya kati zimeunganishwa. Ukuta umebomolewa, geti ni moja. Faida nimeiona: wanao wanaondoka pamoja, na yule mdogo halii tena mlangoni.

Jumatatu kulikuwa na kikao cha wazazi, nikachelewa kutoka kiwandani. Nikamkuta binti yako mkubwa ametoroka darasani kwake, ng'ambo ya korido, amekalia kiti cha mzazi, anamuuliza mwalimu kwa nini mdogo wake hajui hesabu za kutoa.

Nikamwambia, "Inuka, nimefika."

"Kaa tu hapo nyuma, mama mkubwa. Nimeshazoea."

Ana miaka kumi na miwili, mdogo wangu. Nilikaa nyuma. Kiti kile si changu wala si chake. Omba ruhusa huko kazini, uje.

Dada yako