Mabizimu Mawili Katika Beseni Moja

Baba, shikamoo.

Nimekalia kiti chako hapa bandani Nyakato, kile cha mguu mfupi, na leo ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike naona nimevuta pumzi mpaka mwisho. Mama hajambo. Viatu vya kushona vipo. Na wale watu wako, wakusanyaji wa mikanda ya zamani ya jeshi, bado wanatuma picha wakiuliza huu ni wa lini, huu ulivaliwa na askari wa nani. Wakipiga simu wakasikia sauti ya mwanamke wanasema, "Tupe fundi mwenyewe." Nawaambia fundi mwenyewe ndiye huyu, mtanizoea.

Baba, kwa siku tisa nilikudhania tapeli. Acha nilitoe neno hili mapema.

Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu wa Dodoma, na ule mkanda wake wa ngozi wa Vita vya Pili vya Dunia. Uliupima mwenyewe kabla mtu hajaugusa, jicho moja umelifumba. Uliniita nitazame bizimu, kile chuma cha kufungia, lakini ukaligeuza kwanza. "Mbele ni pa gwaride," ulisema. "Wewe soma nyuma." Nyuma palikuwa na mshale mdogo wa mali ya jeshi la Mwingereza, na mwaka, na herufi zilizogongwa kwa mashine, kali hata ukipitisha ukucha. Bizimu la kughushi humiminwa kwenye kalibu, ulinifundisha, na herufi zake hutoka butu. Ukasema bizimu na ngozi ni vya wakati mmoja, na kwamba karatasi ya uthibitisho utaitia sahihi nikishausafisha mkanda. Sahihi ulitia. Halafu ukatutoka.

Miezi mitatu baada ya mazishi, mwalimu akaandika kwenye kundi la simu la wakusanyaji, akaweka na picha. Alikuwa ameligeuza bizimu. Mshale hakuna, mwaka hakuna, kuna alama ya kiwanda cha baada ya uhuru. Akasema fundi wa Mwanza alikuwa tapeli na amekufa na utapeli wake. Watu wote wale waliokuwa wakikuita Mzee wetu wakanyamaza.

Nami nikanyamaza. Nikawaza ulivyokuwa mgonjwa, labda ulichoka ukaandika lolote. Mama akiniuliza mbona sili, nasema jino. Nisamehe, Baba. Nilikula chumvi yako miaka yote hiyo, na neno moja la mgeni likatosha kunitikisa.

Siku ya tisa niliifungua tena picha ya mwalimu, na safari hii sikuangalia bizimu, niliangalia ngozi. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba shaba ikikaa miaka mingi juu ya ngozi huacha kutu ya kijani, na umbo lake hubaki pale pale. Umbo la kijani kwenye ule mkanda lilikuwa fupi kuliko bizimu lililokaa juu yake. Ngozi ile ilikuwa imezeeka na bizimu jingine kabisa. Na lilipo nilijua.

Wiki ile uliyokuwa umelala ndani huwezi kuinuka, nilifumua mikanda miwili siku moja. Wa mwalimu, na wa Mzee Magesa wa Kamanga, ule aliotoka nao jeshini. Kutu ilikuwa imeanza kula ngozi ya mikanda yote miwili. Sheria yako naijua tangu nikiwa na meno ya utoto: mkanda mmoja mezani, wa pili haufumuliwi mpaka wa kwanza umeshonwa. Lakini nilitaka kuwahi kurudi kitandani kwako. Nikatia mabizimu yote mawili kwenye beseni moja la maji ya ndimu, nikayatoa, nikayashona. Ukaniita kutoka chumbani, "Nyamizi, umefumua mmoja mmoja?" Nikasema ndiyo, Baba. Macho yako yalikuwa hayaoni tena. Ukatia sahihi kwa neno langu.

Kesho yake nilivuka kwenda Kamanga kwa kivuko cha kwanza. Mzee Magesa alinipokea na marahaba ndefu, na mkanda ulikuwa kiunoni mwake. "Tangu utoke kwenu unanibana," alilalamika. "Nimepunguza ugali, mwanangu, nikidhani nimenenepa." Nikamwomba auvue. Akabaki ameshika suruali kwa mkono mmoja, ananicheka, mimi nafumua nyuzi pale barazani kwake. Nikaligeuza bizimu. Mshale huu hapa, na mwaka wake. Nililia mbele ya mzee wa watu bila haya, na ilikuwa furaha, Baba. Sijawahi kulifurahia kosa langu namna ile.

Nilimtumia mwalimu bizimu lake pamoja na barua: marehemu aliona sawasawa, aliyechanganya ni mimi, naomba unirudishie la Mzee Magesa. Akajibu kule kule kwenye kundi, mbele ya wote. "Fundi alikuwa sahihi. Namwomba radhi yeye na familia yake." Nilimsomea Mama mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Inatosha, mboga inaungua." Lakini nilimwona akijifuta kwa pindo la kanga. Usiku ule nililala kama mtoto.

Wiki hii mwalimu ameleta mkanda mwingine, anataka karatasi. Nimeutazama siku mbili. Nyuma ya bizimu pamesuguliwa mpaka pakawa laini, na ngozi si ya kwanza. Ningekisia, angeniamini. Nimeandika kwamba sijui ni wa lini, nikatia sahihi ya jina langu.

Pumzika sasa, Baba, jina lako halina doa. Nami nakuahidi hili: nikiulizwa nitajibu jambo lilivyo, hata kama anayeuliza amelala kitandani na hawezi kuinuka kuja kuhakikisha.

Mwanao,
Nyamizi